Povu la Komoni

Nianze kwa kukiri. Likizo kabla ya ile iliyopita, katika chumba changu cha kupanga hapa Dar es Salaam, niliifungua bia ya chupa, nikaimimina kwenye kilo moja ya unga wa ngano, nikakanda, nikafunika na kulala. Asubuhi nikakaanga maandazi. Washikaji wangu wawili waliokuja kula wakayagonga mezani, ko, ko, ko, wakauliza kama nimeanza kufyatua matofali. Mmoja alikwenda nalo nyumbani, akasema atalitumia kuzuia mlango.

Sikuwa nimerukwa na akili. Tangu utoto nilisikia kwamba bibi yangu, mzaa mama, alikuwa akiuza maandazi pale stesheni ya Mpanda, na kwamba maandazi yale aliyaumua kwa pombe. Kwetu jambo hilo lilisemwa kwa sauti ya chini, kama habari ya ndugu aliyefungwa. Mimi nikadhani pombe ni pombe. Basi nilipopata nauli nikapanda treni kwenda kumwuliza mwenyewe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekuja na unga, au umekuja na mdomo tu?"

Nilimweleza yaliyonipata. Alicheka hadi akashika mbavu, kisha akasema: "Ile ya chupa imekufa, baba. Ukimlaza maiti kwenye unga, nani atamwamsha mwenzake?"

Bibi hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini jibu lake ndilo utakalopewa na mtaalamu yeyote wa kiwandani. Bia ya kawaida ya chupa huchujwa, halafu hupashwa moto ili vijidudu vya hamira vilivyobaki vife na bia isiharibike dukani. Komoni haichujwi hivyo wala haipashwi moto baada ya kuchacha. Inanywewa ingali inafanya kazi. Ukitega sikio mdomoni mwa chungu unaisikia inanong'ona. Wazungu wanaooka mkate kwa bia ya kopo huongeza unga wa kuumulia kutoka dukani. Bia yenyewe ni ladha tu.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba kisa cha bibi ni kirefu kuliko bibi mwenyewe. Hebu litazame neno hamira. Limetoka kwenye Kiarabu, khamira, na shina lake ndilo hilo hilo la khamr, yaani kileo. Chachu na ulevi ni ndugu wa tumbo moja, na kila anayetaja hamira anamtaja ndugu yule mwingine bila kujua. Kilatini nacho hakikusalimika. Hamira ya mkate wanasayansi huiita Saccharomyces cerevisiae, na cerevisia ni bia. Plinio, mwandishi wa Roma wa karne ya kwanza, aliandika kuwa watu wa Galia na Hispania walitumia povu la bia kuumulia mkate, ndiyo maana mkate wao ulikuwa mwepesi kuliko wa wengine. Wapishi wa pwani yetu walitia tembo la mnazi katika vitumbua, na ng'ambo ya bahari, kule Kerala, appam za mchele huumuliwa kwa tembo vilevile. Hamira ya viwandani, ile ya pakiti, ni mtoto wa juzi: ilianza kuuzwa kwa wingi katika karne ya 19. Kabla ya hapo mwoka mikate alibisha hodi kwa mgema au kwa mpika pombe.

Mpanda, je? Ukiisoma historia ya mji wetu utakutana na risasi, si ya bunduki bali ya madini. Miaka ya 1930 madini hayo yakagunduliwa, kampuni ya Uruwira Minerals ikachimba, reli ya kutoka Kaliua ikafika mwaka 1950, mgodi ukafungwa mwaka 1960. Utasoma pia habari za ngome ya Karema, ambayo Wabelgiji waliijenga kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1879 na Mapadri Weupe wakaichukua mwaka 1885. Utasoma habari za wakimbizi wa Burundi waliofuata mauaji ya mwaka 1972, wakapewa makazi Katumba na baadaye Mishamo. Utasoma kwamba mwaka 2012 tulimegwa kutoka Rukwa tukawa Mkoa wa Katavi. Yote sawa. Lakini wale wachimbaji na wajenzi wa reli, jamani, walikula nini? Penye mshahara pana mama mwenye chungu. Huyo hayumo kitabuni.

Wanaomjua ni wale waliokwenda kukaa vijijini. Monique Borgerhoff Mulder, mwanaanthropolojia aliyeanza utafiti wake Mpimbwe miaka ya 1990, alikuta upikaji wa pombe ukiwa miongoni mwa kazi zinazowaingizia fedha wanawake wa Kipimbwe. Na kabla fedha haijatawala kulikuwa na pombe ya kulimia: unapika, unaita majirani, wanalima shamba lako asubuhi, jioni chungu kinawalipa. Ilikuwa pombe, ilikuwa chakula, ilikuwa na ujira wa kibarua ndani yake.

Siku tatu nilizokaa jikoni kwa bibi zilinifunza kwamba sisi wa mjini tumechora mpaka pasipokuwepo. Tunasema hiki chakula, hiki kinywaji, hiki kilevi. Kwa bibi ni barabara moja. Analoweka ulezi, anauacha uchipue, anauanika juani, anausaga. Hicho ndicho kimea. Akitia kimea kidogo kwenye uji mzito wa mahindi ungali vuguvugu, uji unalegea wenyewe na kuwa mtamu bila sukari, kwa sababu kimea kina vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari. Ukiuacha siku moja unakuwa togwa, yenye uchachu kidogo, ya watoto na wageni. Ukiendelea mbele, ukatia unga wa mahindi uliovundikwa na kukaangwa, maji, na kimea tena, siku ya tatu unakutana na komoni. Ni chungu kile kile. Tofauti ni siku.

Na hapa nina neno na wale wanaodhani mambo haya ni ya kishamba. Miaka ya 1980 Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilihangaika na swali moja: tumbo la mtoto ni dogo, uji mwepesi haumshibishi, uji mzito hawezi kuumeza, tufanyeje? Jibu walilolipigia debe ni kimea. Kijiko cha unga wa kimea kwenye uji mzito, ukawa laini bila kupoteza nguvu yake. Wataalamu wakasifiwa, na walistahili. Lakini kimea kile walikichukua kwa nani? Kwa mama mpika pombe, yule yule aliyekuwa akikimbizwa na mgambo kwa kuuza nje ya saa!

Sasa maandazi. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 maduka yalikauka. Wazee wetu wanasimulia foleni za sukari, sabuni na mafuta. Mwaka 1983 ikaja ile kampeni dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, na mtu aliweza kutupa bidhaa zake mtoni kwa woga. Hamira ya kopo ilikuwa kama dhahabu. Unga wa ngano ulipatikana kwa kujuana, na bibi alikuwa anajuana. Alichanganya ngano mbili kwa mahindi moja. Usiku alienga povu la juu la komoni ya siku ya tatu, si machicha ya chini ("machicha ni ya kuku, mume wangu"), bakuli moja kwa mafungu matano ya unga, akakanda, akaweka bakuli karibu na mafiga, si karibu sana. Alfajiri unga umepanda hadi umeinua kifuniko. Ukali wa komoni aliupunguza kwa chembe ya magadi. Treni ikilia, yeye yuko kwenye laini na beseni.

Nimeyala. Yana uchachu wa mbali, na rangi yake imeiva kuliko ya maandazi ya dukani. Siwezi kusema zaidi, nitaanza kudanganya kwa mapenzi.

Nikamwuliza swali lililonileta. "Bibi, wateja walijua?"

Akanyamaza. Akasogeza ukuni. Ndani ya kimya kile nilijua nimegusa kitu. Stesheni ya Mpanda ilikuwa na Waislamu wa kutoka Tabora na Ujiji, ilikuwa na walokole ambao hata soda ya rangi nyeusi waliishuku. Mwishowe akasema mwanzoni hakumwambia mtu. Mwaka mzima. Kisha mama mmoja Mwislamu, mke wa mfanyakazi wa reli, akaja nyumbani bila taarifa kumjulia hali mtoto, akamkuta anaenga povu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Dada, mimi ni mteja wako." Akatoka.

Tangu siku ile bibi alikuwa na mabakuli mawili. La pili lilikuwa la chachu ya unga na maji, unaoachwa siku nne uchache wenyewe. Linaumua polepole zaidi na maandazi yake hayapandi sana. Yale aliyaweka upande wa kushoto wa beseni, na aliyeuliza aliambiwa. Yule mama hakurudi kununua. Bibi aliniambia hivyo akiwa ametazama moto, zaidi ya miaka arobaini baadaye.

Mimi mjukuu nilitaka kumtetea. Ningeweza kuanza sayansi: kila unga ulioumuka, hata kwa hamira ya pakiti, umetengeneza kileo kidogo ndani yake, na moto hukipunguza. Moto haukimalizi kama wengi wanavyodai. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1992 ulionyesha kwamba chakula kilichochemshwa na pombe kwa nusu saa huweza kubaki na theluthi hivi ya kileo, na baada ya saa mbili na nusu bado kuna asilimia 5. Hayo ya halali na haramu nawaachia masheikh. Lakini swali la yule mama halikuwa la asilimia. Alikuwa na haki ya kujua anachokula, na bibi alijua hivyo. Ndiyo maana mabakuli yakawa mawili. Kwa hiyo sikumtetea. Nilichochea moto.

Ziko aibu nyingine ambazo sizikubali, na hii nataka iandikwe. Ada ya mama yangu ya sekondari ilitoka kwenye chungu kile. Shuleni, siitaji ni ipi, mwalimu alimsimamisha mbele ya darasa akamwita mtoto wa kilabu. Mama aliacha kula maandazi kuanzia siku ile na hadi leo hajayapika. Ndiyo maana mimi nilikulia mkate wa dukani, nikafika umri huu bila kujua kuumua unga, nikaenda kumwaga bia ya chupa kwenye ngano. Unaona jinsi jambo linavyokatika? Anayejua anaogopa kusema, anayefuata anaona haya kuuliza, wa tatu anagonga tofali mezani.

Kuhusu nyama nitasema kwa kifupi, maana vijana wa mjini siku hizi wanamiminia nyama bia na kujiona wapishi wa hoteli. Bibi alilaza jogoo mzee ndani ya komoni usiku mzima. Ule uchachu hulainisha. Nami nilijaribu kuchemsha nyama na bia ya chupa hadi mchuzi ukakauka: chungu kama klorokwini. Sababu ni hopsi, yale maua machungu yanayotiwa bia za Kizungu. Mchuzi ukipungua, uchungu unabaki. Komoni haina hopsi. Wabelgiji, wale wale wa Karema, wana mchuzi wao wa nyama na bia unaoitwa carbonade, nao hujaza vitunguu vingi vilivyokaangwa taratibu ili utamu wake upambane na uchungu. Ukiwa na chupa tu, fanya kama wao: vitunguu vingi, moto mdogo, na usiwe na haraka.

Siku ya kuondoka bibi alinipa kopo la povu lililokandwa na unga kidogo. Alitoboa kifuniko kwa msumari, matundu matatu, akaniapisha nisikifunge kwa nguvu. Kufika Kaliua lilikuwa limepanda. Kufika Tabora unga ulikuwa unachungulia kwenye matundu, na behewa zima linanuka kilabu. Mzee mmoja wa kiti cha mbele, kofia ya kiua kichwani, akageuka akanitazama kwa muda.

"Kijana, umebeba nini humo?"

Nikamwambia. Yote, mpaka komoni.

"Basi liweke upande wa dirisha," akasema, akageukia mbele.