Mwako Kamili Haupimwi kwa Majivu

Kuni zikiisha mekoni na kubaki majivu meupe, husemwa zimeungua zote. Ni kweli zimeungua. Lakini mtaalamu wa majiko akiulizwa kama hapo palikuwa na mwako kamili, hawezi kujibu kwa kutazama majivu. Kwanza atauliza moshi ulikuwaje. Neno “kamili” katika istilahi hii huwapotosha wengi, kwa kuwa huwaza ukuni uliokwisha. Kinachotakiwa kukamilika ni kuungua kwa gesi zinazotoka ndani ya ukuni.

Kiswahili kina vitenzi vinne vya kutusaidia. Kufuka ni kutoa moshi bila mwali. Kuwaka ni kutoa mwali na mwanga. Kuungua ni kuharibiwa na moto, hata mwali usipoonekana: wali huungua chini ya chungu. Kuteketea ni kuisha kabisa. Nomino ya kisayansi imeundwa kutokana na kuwaka, nami naona waliofanya hivyo walichagua vyema, maana katika moto wa kuni kazi kubwa inafanywa na mwali.

Utazame mwali huo kwa karibu. Mara nyingi haulalii ukuni. Kati yake na gome huonekana upenyo mwembamba usio na moto. Mti ukishafika nyuzi 200 hivi za Selsiasi na kuendelea, huanza kuvunjika na kutoa gesi pamoja na mvuke wa lami. Sehemu kubwa ya uzito wa mti mkavu, robo tatu au zaidi, huondoka hivyo, na kinachobaki ni makaa. Gesi hizo zikipata hewa na joto la nyuzi 600 hivi, huwaka. Zikikosa kimojawapo, hupaa zilivyo, nasi tunaziita moshi. Pitisha kijinga kinachowaka katikati ya moshi mzito wa meko yanayofuka, ukijitenga kidogo, na mara nyingi moshi wote utashika moto kwa ghafla. Ule moshi ni kuni ambazo hazijaungua.

Kuhusu kuni mbichi, hesabu inashangaza. Nusu ya uzito wa mti uliokatwa leo yaweza kuwa maji. Kilo 1 ya kuni hizo ina nusu kilo ya maji, na kuyageuza yote kuwa mvuke kunahitaji megajuli 1.3 hivi, wakati nusu kilo iliyobaki ya mti wenyewe hutoa megajuli 9 hivi. Maji yamekula sehemu moja tu kati ya saba. Mbona basi mpishi anapuliza mpaka machozi yanamtoka na maharage hayaivi? Kwa sababu hasara kubwa iko kwingine. Maji yakiwa bado yamo, ukuni hauwezi kupanda sana juu ya nyuzi 100. Povu hutoka kwenye ncha yake, likichirizika na kulia chiii. Mvuke unapooza meko, gesi hazifiki kwenye joto la kuwaka, na nishati yake yote inapita darini. Ukuni wa muwati uliopasuliwa, ukapangwa mahali penye upepo chini ya paa mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 20, ni mali tofauti kabisa na uleule ulioingizwa jikoni siku ya kukatwa.

Ukavu peke yake hautoshi. Mafiga yako wazi pande zote, upepo unapooza mwali, na sufuria inaumalizia: maji yanayochemka ndani yake hayazidi sana nyuzi 100, kwa hiyo mwali unaoigusa mapema huzimika na kuacha masizi. Miaka ya 1980, Larry Winiarski wa kituo cha Aprovecho huko Oregon, Marekani, alibuni jiko ambalo leo huku kwetu huitwa jiko la roketi. Tumbo lake lina umbo la herufi L. Kuni huingizwa kwa mlalo juu ya kibati kinachopitisha hewa chini yake, na ncha tu ndizo zinazowaka. Mwali hupanda katika shingo fupi iliyozungushiwa kitu kinachozuia joto lisitoroke, na humo gesi hukorogeka na hewa zikaungua kabla ya kuifikia sufuria.

Majiko ya chuma ya Ulaya, yenye dohani na mlango wa kioo, hupata matokeo hayo kwa kuingiza hewa iliyopashwa moto juu ya kuni. Wengine huita hatua hiyo mwako wa pili. Mimi ningependelea mwako wa gesi, kwa kuwa hakuna moto wa pili unaowashwa. Kinachowaka ni moshi uliokuwa ukikimbia.

Hata hivyo moshi nao si kipimo cha mwisho. Katika mwako kamili, kaboni yote huishia kuwa kaboni dioksidi, na haidrojeni yote huishia kuwa maji. Kaboni dioksidi ndiyo hewa ukaa. Gesi inayoua watu kwenye vyumba vilivyofungwa, ambayo nayo wengi huiita hewa ukaa, ni kaboni monoksidi, zao la mwako usio kamili. Jiko la mkaa huitoa kwa wingi bila moshi wowote. Vimwali vya buluu vinavyochezacheza juu ya mkaa ni gesi hiyo ikimalizika kuungua. Isiyoshika moto huenea chumbani. Watu huliingiza jiko ndani usiku wa baridi na kufunga mlango, wakiamini kuwa lisilofuka halina madhara. Kamusi inayoeleza mwako usio kamili kwa kutaja moshi na masizi tu haijamsaidia mtu huyo. Iitaje kaboni monoksidi kwa jina lake, na iseme kuwa haina rangi wala harufu.