Mfarishi wa viraka: kutoka ngozi za pelele hadi mitumba ya Eldoret

Mfarishi ni tandiko nene la kujifunikia lenye matabaka matatu: uso, kijazio cha pamba au kitambaa kizito, na bitana. Matabaka hayo hushikizwa kwa mishono inayopenya yote, kutoka juu hadi chini. Uso ukiwa umeundwa kwa vipande vingi vidogo vilivyoungwa, huo ni mfarishi wa viraka. Eldoret iko kwenye uwanda wa Uasin Gishu, karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai hapo kila nyumba hutafuta kitu kizito cha kujifunikia. Ufundi wa kuunga vipande ni wa zamani kuliko mji wenyewe. Kabla ya pamba, zilizofanyiwa kazi hiyo ni ngozi.

Wazee wa Kinandi na wa jamii za jirani zao walivaa joho la manyoya ya pelele liitwalo sambut, ambalo A. C. Hollis alilitaja katika kitabu chake kuhusu Wanandi kilichotoka mwaka 1909. Pelele ni mnyama mdogo na ngozi yake moja haifuniki hata bega la mtu mzima, kwa hiyo ngozi nyingi ziliambatanishwa kwa mshono wa mkono mpaka joho likatimia. Sambut lilikuwa vazi la heshima. Jambo hilo lafaa kukumbukwa, kwa sababu neno "kiraka" limezoeleka kunasibishwa na ufukara, ilhali katika nyanda hizi mavazi ya heshima kubwa yalikuwa ya kuungwa. Makaburu waliofika Uasin Gishu na magari ya maksai mwaka 1908 nao walitoka katika jamii yenye jina maalumu la blanketi la viraka: lappieskombers.

Nguo za pamba zilikuwa zimekwisha kuenea pwani miaka mingi kabla ya reli kufika Eldoret mwaka 1924. Merikani, kitambaa kigumu kisichotiwa rangi, kilipata jina lake kwa kuwa kililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Marekani katika karne ya 19. Kaniki ya rangi ya bluu iliyokoza ilitoka India. Pwani ndiko kulikotokea tukio ambalo kila mpenda viraka anapaswa kulijua. Wanawake walinunua vitambaa vya mkononi vilivyochapwa, vilivyoitwa leso kutokana na neno la Kireno, vikiwa bado jora moja. Walikata sita, wakavipanga vitatu juu na vitatu chini, kisha wakaviunga kuwa nguo moja. Hiyo ndiyo iliyokuwa leso ya kushona. Baadaye wafanyabiashara waliagiza nguo nzima iliyochapwa kwa mpango huo, na Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, likajipatia jina kubwa katika biashara hiyo. Kanga tunayoifahamu, basi, ni mtoto wa kiraka, na Kenya bado inaiita leso.

Ufundi wa viraka uko pia ng'ambo ya bahari. Katika jimbo la Karnataka, India, wanaishi Wasidi, ambao mababu wao wengi walichukuliwa kutoka mashariki ya Afrika. Wanawake wao hushona mfarishi uitwao kawandi, na utaratibu wao ni wa kipekee. Mshonaji hutandaza sari kuukuu, huanzia pembeni, kisha huzunguka kuelekea katikati akibandika kipande baada ya kipande na kupitisha mshono wa bandi juu ya matabaka yote kwa pamoja. Hakuna uso unaoshonwa kwanza ndipo utiwe bitana. Kazi ikiisha, kila pembe hutiwa kiraka kidogo kiitwacho phula, maana yake ua.

Eldoret iliingia katika historia hii kama mji wa viwanda. Ken-Knit ilitengeneza nyuzi za kufumia, sweta na mablanketi. Raymond ilishughulika na sufu. Na katikati ya miaka ya 1970 kikaanzishwa kiwanda cha Rift Valley Textiles, kinachojulikana kwa jina la Rivatex, ambacho kilichukua pamba ghafi kikatoa kitambaa kilichotiwa rangi na kuchapwa. Panapokuwa na kiwanda cha nguo huwa na vipande vya mwisho wa jora na mabaki ya mkato, na hayo ndiyo malighafi ya mshona viraka popote duniani. Nyuzi nazo zilizaa mtindo wake: miraba midogo ya kufuma au ya kroshia, iliyounganishwa kingo kwa kingo hadi ikawa blanketi au kitambaa cha kufunika makochi. Huo nao ni ufundi wa viraka, ijapokuwa hauna bitana.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Rivatex ilianguka. Soko lilikuwa limefunguliwa, wakulima wa pamba walikuwa wamekata tamaa, na marobota ya mitumba yalijaa kila mahali. Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua kiwanda hicho mwaka 2007, na Juni 2019 kikazinduliwa upya kikiwa na mitambo mipya iliyopatikana kwa mkopo kutoka India.

Katika pengo hilo mitumba ilibadilisha mfarishi wenyewe. Jinzi, mashati ya pamba, mashuka na mapazia ya mitumba huuzwa kwa bei inayomwezesha mshonaji kuvikata bila uchungu. Hali hiyo inafanana na ile ya Gee's Bend, Alabama, ambako wanawake weusi wa Marekani walishona mifarishi kwa nguo za kazi za shambani zilizochakaa. Mwaka 2002 kazi zao zilionyeshwa katika jumba la sanaa la Houston.

Nguo hizi hazilingani, na hapo ndipo mifarishi mingi huharibika. Jinzi ni nzito. Ikiunganishwa na kanga, kanga huchanika kando ya mshono baada ya kufuliwa mara kadhaa. Jinzi iungwe na jinzi au na kitambaa kizito cha mapazia. Kitenge na shati la pamba huenda pamoja vizuri, kwa kuwa vyote hushika mkunjo wa pasi na mshono hukaa sawa. Poliesta huteleza chini ya sindano na haikubali mkunjo. Kitambaa cha sweta huvutika, kwa hiyo hufaa zaidi kuwa kijazio kuliko kuwa uso. Kanga na kitenge vipya hutoka dukani na wanga, na baadhi huchuja rangi; vyote vifuliwe kabla ya kukatwa, la sivyo nyekundu itaingia katika nyeupe na vipande vitarudi kwa vipimo tofauti.

Sambut liliandikwa kitabuni, na majina ya wanawake wa Gee's Bend yamewekwa chini ya kazi zao. Mifarishi ya nyumbani katika Uasin Gishu mara nyingi haina alama yoyote. Aliye na mfarishi kabatini, na anayemjua aliyeushona, atie jina la mshonaji na mwaka kwa uzi kwenye pembe ya bitana.