Fimbo, mshipi na chambo: historia fupi kwa anayeanza



Kila mara vijana wa Lubumbashi wakianza kuongea habari ya mashindano ya kuvua samaki kwa ndoano (kuloba, kama tunavyosema nyumbani), ulizo la kwanza ni lile lile: "Ninunue fimbo gani, mshipi gani, chambo gani?" Ni ulizo zuri, na jibu lake liko hapa chini. Lakini mtu aliyesoma hanunui kitu kwa sababu tu muuzaji amekisifu. Anauliza kwanza: hiki kitu kilitoka wapi, na kilibuniwa juu ya shida gani? Basi leo tupite njia ya historia. Vifaa hivi vitatu vinatoka mbali, lakini vinatufikisha moja kwa moja kwenye mto wetu Luapula, na habari ya pale si ya kuchekesha.

1. Maji yalikuwa na wenyewe

Maji ya mji wetu hayaishii mjini. Mto Lubumbashi unaingia Kafubu, Kafubu inaingia Luapula, Luapula inaenda ziwa Mweru, na toka pale Luvua inayapeleka mpaka Lualaba. Kwa hiyo mtu anayerusha ndoano hapa Karavia yuko tayari mu bonde la Luapula, hata kama haoni Kasenga.

Wazee wa Luapula wanasimulia habari ya Nachituti. Kaka yake Nkuba, mkubwa wa Washila, alimuua mtoto wake. Nachituti akaenda kulilia haki kwa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda. Kazembe alipomlipizia kisasi, yule mama akamtolea kikapu cha udongo na chombo cha maji, maana yake nchi pamoja na mito. Tunaweza kubishana juu ya kila kipande cha hadithi, lakini wazo lililo ndani yake liko wazi: maji yalikuwa na mwenyewe. Kulikuwa na mtu wa kuombwa ruhusa.

Vifaa vyenyewe pia vilikuwa na mpaka. Watu walivua kwa migono, kwa uzio wa fito uliofungwa kwenye mikono ya mto, kwa mikuki, kwa ndoano, na kwa nyavu za nyuzi za miti na majani. Wavu wa namna ile unachukua siku nyingi kuusuka, na ukikaa majini sana unaoza. Hakuna aliyeweza kutega kilomita nzima kila usiku, hata kama roho yake ilitaka.

2. Kasenga na mwisho wa mpumbu

Mwaka 1906 Union Minière ikaanzishwa. Mwaka 1910 reli ikafika Elisabethville. Maelfu ya wafanyakazi wakaja, na kila mmoja alitakiwa kula. Nyama ilikuwa ghali, samaki alikuwa karibu. Wafanyabiashara Wagiriki wakaweka makao Kasenga, wakaleta mashua, barafu na malori, na Luapula ikawa jiko la migodi.

Samaki aliyelipa sana alikuwa mpumbu, ambaye wanasayansi wanamwita Labeo altivelis. Mpumbu ana tabia moja iliyomponza: mvua ikianza, anapanda mto kwa makundi makubwa kwenda kutaga mayai. Mvuvi anajua njia na anajua majira, kwa hiyo anamngojea pale pale. Kila mama aliyekamatwa alikuwa na mayai tumboni, na mayai yale yangekuwa samaki wa miaka iliyofuata. Kufikia miaka ya 1950 mpumbu alikuwa karibu kuisha mu Luapula.

Je, soko lilijifunza? Hapana, lilihamia kwa samaki mwingine. Watu wakageukia pale, na mu miaka ile ile ya 1950 wavu wa nailoni ukafika. Nailoni haiozi, ni nyembamba, samaki haioni vizuri. Baadaye zaidi tukafika kwa chisense, kale kadogo kanakovuliwa usiku kwa taa. Ukienda sokoni leo ukaona mafungu ya chisense kila mahali na mpumbu hayuko, unasoma historia hiyo bila kufungua kitabu.

Weka neno hili moja akilini: nailoni. Tutalikuta tena.

3. Vifaa vitatu vilitoka wapi

Tuanze na mshipi. Kwa karne nyingi wavuvi wa ndoano wa Ulaya walisuka mshipi kwa nywele za mkia wa farasi, baadaye hariri. Ulikuwa unaoza na ilibidi kuukausha kila siku. Mwaka 1935, mu maabara ya kampuni DuPont huko Marekani, kikundi cha mkemia Wallace Carothers kikapata nailoni. Miaka michache tu ikapita, ikawa mshipi. Mwaka 1971 kampuni Kureha ya Japani ikaleta mshipi wa florokaboni, ambao hauonekani sana majini na hauogopi mawe. Ile mishipi ya kusukwa tunayoona leo, myembamba kama uzi wa kushonea lakini yenye nguvu ya ajabu, ilienea mu miaka ya 1990.

Fimbo ilianza kuwa mti au mwanzi. Mafundi walipasua mwanzi vipande virefu na kuvigandisha pamoja kwa gundi. Ilikuwa kazi ya mikono na bei yake ilikuwa ya tajiri. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia zikatokea fimbo za nyuzi za kioo: kampuni Shakespeare ya Marekani ilitoa yake mwaka 1947. Hapo ndipo mfanyakazi wa kawaida akaweza kununua fimbo nzuri. Miaka ya 1970 ikaleta kaboni, ambayo ni nyepesi zaidi na inakupa kusikia samaki anapogusa tu. Hasara yake ni kwamba kaboni ukiikanyaga au ukiigonga kwenye jiwe, inavunjika.

Na rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi? Ile rahisi kwa anayeanza, ambayo kikombe chake hakizunguki wakati wa kurusha, ina mizizi yake mu hakimiliki ya Mwingereza Alfred Illingworth ya mwaka 1905. Wafaransa wa Cluses wakaifanya maarufu kwa jina Mitchell toka mwisho wa miaka ya 1940.

Chambo bandia nacho kina mababu zake. Mmarekani Julio Buel alipata hakimiliki ya chambo cha kijiko mwaka 1852: ni kipande cha chuma kinachong'aa na kuyumba majini kama samaki mgonjwa. Mfini Lauri Rapala alichonga samaki wake wa mti mwaka 1936, kwa sababu aliona samaki wakubwa wanachagua yule mdogo anayeogelea vibaya. Mwaka 1949 Nick Creme wa Akron, Ohio, akatengeneza mnyoo wa plastiki laini. Vijiko, samaki bandia, minyoo laini: karibu vyote vinavyouzwa leo kwa rangi elfu ni wajukuu wa hao watatu.

4. Mashindano yalipata sheria baadaye

Mwezi wa Juni 1967, muuza bima wa Alabama kwa jina Ray Scott alikusanya wavuvi 106 kwenye ziwa Beaver, Arkansas, washindane kumvua besi. Besi, Micropterus salmoides, ni samaki wa Amerika ya Kaskazini mwenye mdomo mkubwa, anayejificha kwenye majani na kurukia kinachopita. Mwaka 1968 Scott akaanzisha shirika la wavuvi wa besi, na mwaka 1971 fainali ya kwanza ya mabingwa ikafanyika ziwa Mead. Bobby Murray akashinda dola 10,000.

Lakini shida ilionekana haraka. Watu wengi wenye ujuzi, siku moja, ziwa moja, wote wanaua: nani atabaki na samaki mwaka ujao? Mwaka 1972 Scott akaanza kusukuma desturi mpya, samaki wabaki hai kwenye tangi ndani ya mashua, wapimwe, warudishwe. Anayeleta samaki mfu anakatwa pointi. Mchezo uliokuwa wa kuua ukawa wa kupima.

Linganisha sasa. Nailoni iliyotega Luapula ni nailoni ile ile iliyokuwa kwenye fimbo za Arkansas. Tofauti haikuwa kwenye uzi. Wale waliweka sheria miaka mitano tu baada ya kuanza, na tusisahau kwamba walikuwa wanacheza. Wavuvi wa Luapula walikuwa wanalisha mji mzima, na wenye maji wa zamani walikuwa wamenyang'anywa sauti.

5. Tusilete besi huku

Kuna wazo linalopendwa na wanaoanza: "Tuagize besi, tumpande kwenye maziwa yetu, tufanye mashindano kama Wamarekani." Historia inajibu.

Besi aliletwa ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1929. Ziwa lile lilikuwa na samaki mmoja tu wa asili, mdogo wa kidole, Aplocheilichthys antinorii. Mara ya mwisho kuonekana ilikuwa mwaka 1962. Baada ya hapo, basi. Japani walimpanda besi kwenye ziwa Ashi mwaka 1925, akaenea. Mwaka 2009 Manabu Kurita akavua pale ziwa Biwa besi wa zaidi ya kilo 10, sawa na rekodi ya dunia aliyoweka George Perry huko Georgia mwaka 1932. Furaha kubwa kwa mvuvi, lakini wakati ule sheria ya Japani ilikuwa tayari inakataza kumsafirisha besi akiwa hai, juu ya hasara aliyoleta kwa samaki wa kwao.

Naivasha ni ziwa lisilo na mto wa wazi wa kutokea. Sisi maji yetu yanashuka mpaka Mweru na Lualaba. Samaki anayetoroka bwawa moja la Lubumbashi amefunguliwa mlango wa Kongo nzima.

Na kwani tumekosa nini? Makobo wa Luapula, wa ukoo wa Serranochromis, ana mdomo mpana na tabia ya kuvizia kama besi, na vifaa vya besi vinamfaa kabisa. Manda, yule mwenye meno ya msumeno ambaye wengine wanamwita mbenga, anapigana kuliko besi yeyote.

6. Sasa, ununue nini?

Fimbo: moja tu, ya mita 2 hivi, ya nguvu ya katikati, ncha inayopinda haraka. Kama utapanda nayo taksi na basi, chagua ya nyuzi za kioo, au ya kioo kilichochanganywa na kaboni. Ni nzito kidogo, lakini inasamehe.

Rili: ile ya kikombe kisichozunguka. Ile nyingine, ambayo ngoma yake inazunguka wakati wa kurusha, inataka kidole kilichozoea. Ukiharakisha utashinda asubuhi nzima unafungua mafundo.

Mshipi: nailoni ya kawaida, inayovumilia kilo 5 au 6. Inavutika kidogo, kwa hiyo samaki akishtuka ghafla haukatiki. Fundo lake ni jepesi kulifunga, na bei yake haiumizi. Kwa manda, weka mbele kipande cha waya wa chuma, bila hivyo meno yake yatakuachia mkono mtupu.

Chambo: vitatu vinatosha. Kijiko kimoja cha kutafutia samaki kwenye maji mapana, samaki bandia anayeelea wa kupitisha juu ya majani, na minyoo laini michache ya kushusha polepole penye vificho. Usinunue rangi ishirini. Jifunze kwanza mwendo: polepole, simamisha, vuta.

Cha mwisho hakiuzwi sana, ni koleo. Bana kwa koleo ule mwiba mdogo wa ndoano, itoke bila kupasua mdomo. Lowesha mikono kabla ya kumshika samaki, mlaze kwenye ubao wenye vipimo, piga picha kwa simu, mrudishe majini. Kwa njia hiyo mashindano yanahesabu sentimita, na hakuna haja ya mizani wala maiti. Anayetaka kula, sawa, achukue mmoja wa kutosha sufuria yake, lakini yule mwenye mayai amwache. Upande wa Zambia uvuvi unafungwa toka Desemba mpaka Februari ili samaki watage. Sisi huku tunaweza kushika majira hayo kwa hiari yetu, hata kabla ya polisi kuja.

Wandugu, mji wetu una wanasheria, wanabiolojia na wachumi wa kutosha kuandika kanuni za mashindano madogo ya vijana, ukurasa mmoja tu. Kanuni ya kwanza ningeipendekeza hivi: aliyeleta samaki mfu hashindi. Ninyi mngeandika ipi ya pili? Na kama kuna mzee kwenu anayemkumbuka mpumbu alipokuwa bado anajaa malori ya Kasenga, mwulizeni akiwa hai, muandike majibu yake, mtuletee.