Kutoka Maonyesho ya Berlin hadi Kabati Letu la Kaseti

Mwezi Septemba 2024 baadhi yetu, walimu wa idara hii hapa Kampala, tulikuwa Ujerumani kwa shughuli za ualimu, tukapata nafasi ya kutembelea maonyesho ya vyombo vya elektroniki ya Berlin, yajulikanayo kwa jina la IFA. Mwaka huo yalikuwa yanatimiza miaka 100. Katika makala haya hatukusudii kutoa ripoti ya safari. Tunataka kueleza sehemu ya historia ya maonyesho hayo inayotuhusu sisi tunaofundisha lugha, na mwishoni tuna ombi kwa wasomaji.

Tulichokiona kumbini kinaelezeka upesi: televisheni pana kama ukuta, mashine za kufulia, na vifaa vya kufagia vinavyotambaa sakafuni vyenyewe. Tulisimama pale tu tulipoonyeshwa kifaa cha kutafsiri mazungumzo. Kama ilivyo desturi ya mwalimu wa Kiswahili popote aendapo, kwanza tuliangalia kama lugha yetu imo. Ilikuwamo. Mmoja wetu akakiambia, "Shikamoo." Kikatafsiri kwa Kijerumani: "Hallo." Kijana aliyekuwa akikionyesha alifurahi sana, sisi tukatazamana.

Maonyesho haya yalianza tarehe 4 Desemba 1924, mwaka mmoja tu na kidogo baada ya Ujerumani kuanza matangazo ya redio kwa umma. Ukumbi wa kwanza ulijengwa kwa mbao, kwani ilihofiwa kuwa chuma kingevuruga mawimbi ya redio. Mnara wa redio uliozinduliwa hapo mwaka 1926 ungali umesimama, na ndio uliotuongoza tulipopotea njia.

Mwaka 1930 aliyeyafungua alikuwa Albert Einstein. Wengi hukumbuka alivyowakemea watu wanaotumia maajabu ya sayansi bila kuyaelewa, akiwafananisha na ng'ombe asiyejua lolote kuhusu elimu ya mimea anayoila kwa raha. Sisi kilichotuvutia zaidi ni salamu yake. Alijua kwamba wanaomsikia redioni ni wengi kuliko waliokaa mbele yake, basi akawasalimu waheshimiwa waliopo na wasiokuwepo. Chombo kipya kilikuwa kimeleta tatizo la lugha: umsalimuje mtu usiyemwona? Watangazaji wa Kiswahili walilitatua kwa namna yao, wakasema "mpenzi msikilizaji", kwa umoja, kana kwamba mtu ni mmoja tu na amekaa karibu. Wanafunzi wa isimu-jamii wangefanya vyema kulichunguza jambo hilo.

Historia hiyo ina upande wa giza pia. Mwaka 1933 ilitolewa hapo redio ya bei nafuu iliyoitwa redio ya wananchi, ikiuzwa kwa marki 76. Namba yake, 301, ilikuwa ukumbusho wa tarehe 30 Januari, siku ambayo Hitler alishika madaraka. Watu walinunua chombo, na sauti ya serikali ikaingia nao nyumbani.

Kwa maoni yetu, mwaka ulio muhimu kupita yote kwa mwalimu wa lugha ni 1963. Tarehe 1 Februari mwaka huo Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle ilianza kutangaza. Mwezi Agosti, katika maonyesho ya Berlin, kampuni ya Philips ilionyesha kaseti. Ilikuwa imebuniwa katika kiwanda chake cha Hasselt, Ubelgiji, na kundi la wahandisi lililoongozwa na Lou Ottens. Ottens alichonga kipande cha mbao kinachoingia mfukoni mwa koti, akataka mashine isizidi ukubwa huo. Kabla ya hapo, kunasa sauti kulihitaji mashine nzito yenye magurudumu mawili ya utepe. Baadaye Philips iliruhusu viwanda vingine kuitengeneza bila malipo, na ndiyo sababu tuliikuta hadi katika maduka ya vijijini kwetu.

Redio ilimfanya mtu awe msikilizaji. Kaseti ilimpa nafasi ya kusema. Taarabu, mawaidha, mahubiri, barua za sauti kwa jamaa walio mbali, na kwetu sisi mazoezi ya matamshi katika maabara ya lugha, vyote vilipita humo. Lugha nayo haikubaki nyuma. Neno "ukanda", la mshipi, lilipewa kazi mpya, na wingi wake ukazoeleka mitaani hata kwa kitu kimoja: "kanda hii". Mwanafunzi akisema hivyo tulikuwa tukimsahihisha. Siku hizi hatuna uhakika kama tulikuwa na haki.

Tuliporudi Kampala tulifungua kabati la maabara. Tulikuta kaseti zenye sauti za wazee waliosimulia maisha yao kwa Kiswahili cha huku kwetu, na wengi wao wameshafariki. Tuliazima mashine moja, tukaanza kuhamishia sauti hizo kwenye kompyuta. Kaseti ya tatu ilikwenda vizuri kwa dakika kumi hivi, bibi mmoja akieleza alivyojifunza Kiswahili sokoni. Ghafla akaingia mtangazaji wa mpira. Vijimeno viwili vya mgongoni vilikuwa vimevunjwa ili isifutwe, lakini mtu alibandika karatasi juu ya matundu akarekodi mechi. Tuliisikiliza hadi mwisho tukitumaini bibi atarudi. Hakurudi.

Ndiyo maana tunawaomba wasomaji, hasa waliosoma hapa zamani, watafute nyumbani kaseti zozote zenye mazungumzo ya Kiswahili na kuzileta idarani. Tutanakili na kuwarudishia. Tafadhali andikeni jina la msemaji, mahali na mwaka, kama mnakumbuka. Ikiwa utepe umetoka nje, msiuvute, uacheni ulivyo. Kalamu ya kuuzungushia tunayo.