Peptidi za "kuamsha ubongo": jua haya kabla ya kununua

Mara nyingi mama anayelea mtoto mwenye mtindio wa ubongo, au anayemuuguza mzazi aliyepata kiharusi, huuliza kuhusu dawa za peptidi. Ameambiwa kwamba zinaongeza akili na kulinda ubongo, na yuko tayari hata kuuza mbuzi ili azipate. Ukurasa huu unaeleza dawa hizo ni nini.

Peptidi ni nini?

Ni mnyororo mfupi wa amino asidi, yaani vipande vidogo vinavyojenga protini. Mwili hutengeneza peptidi nyingi za kupeleka ujumbe. Mfano ni oksitosini, yenye amino asidi 9, ambayo hubana mfuko wa uzazi wakati wa kujifungua na kusukuma maziwa mtoto anaponyonya. Wanasayansi waliitengeneza maabara mwaka 1953, na leo sindano yake huokoa kina mama wasivuje damu baada ya kujifungua.

Kwa hiyo peptidi kutengenezwa maabara si tatizo. Cha kuuliza ni hiki: imethibitishwa kwamba inasaidia?

Zipi huuzwa kwa ajili ya ubongo?

*Semax* ina amino asidi 7. Ilitengenezwa Urusi, na huko hutumika kama matone ya puani kwa wagonjwa wa kiharusi. *Selank*, pia ya Urusi, hutumika kwa wasiwasi. Tafiti zake nyingi zimefanyika huko huko, na mamlaka ya dawa ya Marekani haijaziidhinisha.

*Cerebrolysin* hutolewa kwenye ubongo wa nguruwe na hudungwa kwa sindano. Familia isiyotumia nguruwe ina haki ya kuambiwa hivyo mapema. Watafiti wa Cochrane walipokusanya tafiti zake kwa wagonjwa wa kiharusi cha mshipa kuziba, hawakuona kwamba inapunguza vifo, na waliona huenda inaongeza madhara makubwa.

Kwa nini nyingi si vidonge?

Peptidi nyingi zikimezwa, tumbo huzisaga kama nyama au maharage. Ndiyo maana hutolewa kwa sindano au puani. Hata zikiingia kwenye damu, ubongo una ukuta unaozuia vitu vingi visipite.

Hatari ziko wapi?

- Vichupa vya unga vinavyouzwa mtandaoni mara nyingi huandikwa "kwa utafiti tu". Maana yake havikutengenezwa kwa ajili ya binadamu.
- Kuchanganya unga na kujidunga nyumbani kunaweza kuleta jipu au sumu kwenye damu. Kuchangia sindano huambukiza virusi vya UKIMWI na homa ya ini.
- Mtoto, mjamzito na anayenyonyesha wasipewe bila daktari.
- Hatari kubwa kuliko zote ni kuacha tiba inayofanya kazi. Mtoto wa kifafa akiachishwa dawa zake ghafla, degedege linaweza kurudi kwa nguvu na kumuua.

Nini kinalinda ubongo kweli?

Kwa mtoto: maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, chumvi yenye madini joto, chanjo zote, kutibiwa malaria mapema, na kuongea na kucheza naye kila siku. Mwenye mtindio wa ubongo anahitaji mazoezi tiba, kulishwa akiwa amekaa wima, na kupimwa macho na masikio. Matunda ya mazoezi huja polepole, lakini huja.

Kwa mzee: kupima presha na kumeza dawa zake kila siku, kuacha sigara, na kuanza mazoezi mapema baada ya kiharusi.

Ukishauriwa kununua, uliza:

1. Jina kamili la dawa ni lipi, na imesajiliwa na mamlaka ya dawa ya nchi yangu?
2. Ni ya ugonjwa upi hasa?
3. Madhara yake ni yapi, na yakitokea nani atamhudumia mgonjwa?

Muuzaji akikwepa hata swali moja, rudi na pesa yako nyumbani.

Kama umeshaanza kuitumia, usione aibu. Nenda na kichupa chake kituo cha afya umwonyeshe mhudumu. Mgonjwa akipata degedege, akishindwa kupumua vizuri, akivimba uso au akiwa haamki, mpeleke hospitali mara moja.