Mkono Uliokuwa Kipimo

Mwaka 1820 Everard Home, daktari wa upasuaji wa London, alianika mikono yake juani, mmoja wazi na wa pili umefunikwa kitambaa cheusi. Kipimajoto kilionyesha joto zaidi chini ya kitambaa, lakini uliobabuka ni mkono uliokuwa wazi. Alitaka kujua kwa nini ngozi nyeusi hustahimili jua, akahitimisha kwamba weusi wenyewe ni kinga.

Kama si joto, ni nini? Mionzi ya urujuanimno ilikwisha gunduliwa na mwanasayansi Ritter mwaka 1801, ila aliyeihusisha na ngozi kwa ushahidi madhubuti ni Erik Widmark wa Stockholm, mwaka 1889. Alipitisha mwanga wa taa kali ya umeme kwenye maji ili kuondoa joto, kisha kwenye kioo au kwatsi. Kioo huzuia sehemu kubwa ya urujuanimno, kwatsi huupitisha. Ngozi iliyokuwa nyuma ya kwatsi ikaiva.

Niels Finsen, mzaliwa wa visiwa vya Faroe, alijipaka mstari wa wino mkononi, akaota jua. Palipokuwa na wino pakabaki peupe, kwingine pakawa pekundu, kisha pakageuka rangi ya kahawia. Alipouosha wino na kurudi juani, kilichoungua safari hii ni ule mstari mweupe. Huyu ndiye aliyetibu kifua kikuu cha ngozi kwa taa na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1903.

Tatizo la kutumia mkono kuwa kipimo ni kwamba wekundu huja baada ya saa chache, ilhali saratani hungoja miaka. Mwaka 1928 mtafiti G. M. Findlay aliwaangazia panya kwa taa ya zebaki, wakaota uvimbe wa saratani. Hilo mikono ya watafiti isingeweza kulisema.

Hata hivyo desturi ya kujaribia ngozi ya binadamu haijafa. Huko Dundee, Scotland, taa ya urujuanimno wa nanometa 222 ya kuua vijidudu, iliyotarajiwa isidhuru ngozi, iliwaivisha watu wanne waliojitolea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Mshukiwa mkuu alikuwa mionzi ya mawimbi marefu kidogo iliyochanganyika humo. Taa ilipowekewa kichujio, mwanafizikia wa huko aliuangazia mkono wake mwenyewe kwa dozi kubwa sana, na mwaka 2021 akaripoti kwamba haukuiva. Swali la saratani lilikwisha pelekwa kwa panya: huko Kobe, Japani, walitumika panya wasioweza kurekebisha madhara ya urujuanimno, na ripoti ya 2020 ikasema hawakuota uvimbe.