Tronsoneze ya okazyo: kabla ya kununua pistoni, tafuta kilichoua ile ya kwanza

Katika maeneo ya misitu ya Ituri, Kivu Kaskazini na Maniema, tronsoneze, ile mashine ya moteri ya kukata miti, inalisha watu wengi: mkataji mwenyewe, wasaidizi wake, wabebaji wa mbao, wenye depo mjini, mpaka fundi wa vitanda. Lakini mashine mpya ni bei ya kuungua. Ndiyo maana wengi wanaanza na mashine ya okazyo, mara nyingi iliyokwisha kufa, iliyonunuliwa kwa pesa za likelemba ao za kuuza mbuzi.

Hadithi inajulikana. Mashine inanunuliwa haiwaki, pistoni mpya inawekwa, inawaka vizuri siku mbili tatu, kisha inakwama tena. Mafundi wanasema "imesere". Pesa ya pistoni imepotea, na kosa liko palepale. Kutengeneza tronsoneze ni kazi ambayo hata mtu asiyeifanya bado anaweza kuimaliza, lakini kwa sharti moja: ajue kwanza kwa nini ile ya zamani ilikufa.

Kwa nini pistoni inakufa

Tronsoneze si sawa na pikipiki nyingi za wamotari. Ndani yake hakuna mafuta ya moteri yanayokaa chini. Mafuta yanachanganywa ndani ya esansi, na mchanganyiko huo unapita kwanza chini, kwenye karteri, ndipo unapanda juu ya pistoni. Kwa njia hiyo ndiyo unapakaza mafuta kila sehemu.

Kumbe kama kuna tundu dogo linaloingiza hewa, mchanganyiko unakuwa mwepesi: esansi inapungua na mafuta yanapungua pamoja nayo. Moteri inazunguka mbio sana, inapata moto, pistoni inavimba na kujikwaruza kwenye silinda. Mtu aliyesahau kutia mafuta katika esansi anapata matokeo hayohayo, ila kwa haraka zaidi.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi aombe kwanza fakture ao karatasi nyingine ya mashine, sababu tronsoneze ni kitu kinachoibiwa sana. Kisha apime mambo matatu, na mashine ikiwa imezimwa.

La kwanza ni nguvu ya kubana. Gidi na shene vikiwa vimetolewa, mashine inainuliwa kidogo tu kutoka chini kwa kushika kishikio cha kamba ya kuwashia. Ikishuka polepole, kwa kukatakata, silinda bado inabana. Ikianguka mara moja, pistoni, segma ao silinda imechoka. Kwa mwenye kipimo, bar 8 na zaidi ni nzuri. Chini ya 6, kuwaka kutakuwa shida.

La pili ni ruluma za mti mkubwa wa ndani. Mnunuzi ashike volan, lile gurudumu lenye mapanga ya kupepea, alisukume juu na chini. Likicheza, ruluma zimekwisha. La tatu ni karteri: ikiwa imepasuka, ni afazali kuacha. Mashine hiyo inafaa kununuliwa kwa vipuri tu.

Kufungua na kusoma pistoni

Kabla ya kufungua, mashine inasafishwa vizuri kwa brosi na esansi kidogo, mbali na moto. Unga wa mbao ukiingia karteri, kazi imeharibika kabla ya kuanza. Kila visi inawekwa pamoja na kipande chake, ndani ya kopo ao karatasi iliyoandikwa. Mwenye simu apige picha kila hatua, hasa njia ya mipira na nyaya.

Eshapma ikitolewa, pistoni inaonekana kupitia tundu la moshi. Hapo ndipo mashine inasema ilikufa na nini:

– Mikwaruzo upande wa moshi peke yake: mchanganyiko ulikuwa mwepesi. Tafuta hewa inayovuja, karburatere iliyofungwa sana, ao filtre ya esansi iliyoziba.
– Mikwaruzo pande zote: esansi bila mafuta, ao mafuta kidogo sana.
– Upande wa karburatere umesuguliwa, umepoteza mng'ao: vumbi lilipita katika filtre ya hewa iliyotoboka ao isiyofunga vizuri.
– Alama za kugongwa juu ya pistoni: kipande cha segma ao cha klipsi kilivunjika. Lazima kitafutwe mpaka ndani ya karteri.

Silinda haipanuliwi kama ya pikipiki

Hapa wengi wanapoteza pesa. Silinda za pikipiki nyingi zikichoka, fundi anazipeleka kupanuliwa na kuweka pistoni kubwa zaidi. Silinda ya tronsoneze ni ya aluminiamu, na ndani imepakwa ngozi nyembamba ya chuma kigumu sana. Ukiipanua, ngozi hiyo inatoka, na aluminiamu tupu haivumilii hata wiki.

Lakini silinda isitupwe haraka. Mara nyingi michirizi inayoonekana ni aluminiamu ya pistoni iliyoganda juu ya ngozi ile. Inatolewa polepole kwa karatasi laini ya msasa, kwa mkono, bila mashine. Baadaye fundi anapitisha ukucha: usipokwama popote, silinda inaweza kurudi kazini na pistoni mpya. Ukikwama kwenye mfereji, silinda imekufa.

Kufunga

Tambara safi linawekwa juu ya karteri ili klipsi isianguke ndani. Mshale ulioandikwa juu ya pistoni unaelekea upande wa moshi. Ncha za segma zinakaa pande mbili za kijiti kidogo kilicho ndani ya mfereji wake; zisipokaa hapo, segma inavunjika wakati silinda inashuka. Klipsi za zamani hazirudishwi hata kama zinaonekana nzima. Pistoni inapakwa mafuta ya deux temps, joint mpya inawekwa, na visi zinakazwa kwa msalaba, kidogo kidogo.

Kupima kama hewa inavuja

Hatua hii ndiyo inayolinda pesa yote. Sehemu zinazovuja mara nyingi ni sili mbili za mti mkubwa, mpira ulio kati ya karburatere na silinda, na joint ya chini ya silinda. Mpira uliokauka unaonyesha nyufa ukikunjwa kwa vidole.

Bila vyombo vya atelye, kuna njia. Tundu la moshi na tundu la karburatere yanazibwa kwa vipande vya shambreri vilivyobanwa vizuri, na kamrija ka hewa kanakozibwa pia. Pistoni inashushwa mpaka chini. Hewa inaingizwa kupitia tundu la bujia kwa pompi ya kinga yenye kipimo, isizidi nusu bar, sababu nguvu nyingi inaweza kusukuma sili nje. Maji ya sabuni yanapakwa kila mahali. Penye mapovu ndipo penye muuaji wa pistoni ya kwanza. Sili zenyewe, kama mashine ni ya miaka mingi, mafundi wanapendelea kuzibadilisha tu, kwa kuwa nyingine zinafunga zikisukumwa na kuvuja zikivutwa.

Esansi, mafuta na karburatere

Esansi ya Kadhafi wa barabarani iachwe kwanza itulie katika chupa inayoonyesha ndani: maji yanakaa chini. Tone moja juu ya karatasi nyeupe likikauka na kuacha doa la mafuta, esansi imechanganywa na petroli ya taa.

Kwa mafuta mazuri ya deux temps, kipimo cha kawaida ni 1 kwa 50, yaani mililitre 100 katika litre 5. Kama kopo linasema 1 kwa 25, ni mililitre 200. Mafuta ya gari hayachukui nafasi hiyo. Na anayepima kwa chupa ya Primus akumbuke kwamba ni cl 72, si litre moja.

Karburatere iliyolala muda mrefu inaomba membrani mpya. Za zamani zinakuwa ngumu kama karatasi. Visi ya H, inayopima esansi ya mwendo mkali, ndiyo ya hatari. Wengine wanaifunga ili mashine ilie kwa sauti kali. Sauti hiyo tamu ni ya moteri yenye njaa.

Kuwasha mara ya kwanza

Shene isifungwe bado. Mashine iwake, ipate joto bila kushurutishwa, kisha izimwe na visi zikazwe tena. Ukiachilia gazi na moteri ikaendelea kulia juu, izimwe palepale: bado kuna hewa inayoingia. Reservoir mbili tatu za kwanza ni za miti midogo.

Shene ikifungwa, freni yake lazima ikamate. Mashine kadhaa kubwa za zamani zilitoka kiwandani bila freni, na kwenye okazyo nyingine imetolewa kwa sababu ilikuwa inasumbua. Ncha ya gidi ikigusa mti vibaya, mashine inaruka kuelekea uso kabla mtu hajapepesa jicho. Huko msituni hospitali iko mbali, na mguu uliokatwa na shene haungojei moto. Kama freni haipatikani, mashine hiyo si ya mtu anayeanza kazi.

Mwenye kutaka kukata mbao za kuuza anahitaji pia kibali, kulingana na sheria ya misitu namba 011/2002 ya tarehe 29 Agosti 2002. Katika Hifadhi ya Virunga na Hifadhi ya Okapi, kukata ni marufuku. Mashine iliyotengenezwa kwa jasho la mwezi mzima inaweza kunyang'anywa siku moja kwenye bariyeri, na hakuna pistoni itakayoirudisha.